Marehemu Aliyeendelea Kumaliza Kazi

Tulimzika Rashad Alhamisi. Jumatatu akamaliza kazi.

Wasee, sitanii. Nilikuwa ofisini hapa Kisii mjini, nikaona kwa macho yangu. Maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: "Rashad amemaliza: kurekebisha risiti."

Nikasoma. Nikaendelea kunywa chai.

Siku zile hata ungeniambia nyumba inaungua, ningekuuliza, ipi?

Jina langu Orpah. Tulikuwa watatu, mimi, Ronny na Rashad, tukiandika programu za kompyuta. Mteja wetu mkubwa alikuwa kikundi cha wachongaji wa kule Tabaka wanaouza vinyago vya mawe ng'ambo. Walitaka programu ya kupokea oda.

Kugawana kazi, wengine hutumia mitandao mikubwa yenye rangi kibao. Sisi Rashad alitutengenezea kitu chepesi. Unafungua skrini ile nyeusi, unaandika neno moja, "kazi", inakuletea jukumu lako. Ukimaliza unabonyeza Enter, basi, inakuletea linalofuata. Wenzako wote wanaona.

"Hata bando ya intaneti ikiwa inakata roho, hii inafanya," alikuwa akijisifu.

Lori lilimgonga akitoka Ikonge. Hapo sina zaidi ya kusema.

Jumanne kazi yake nyingine ikaisha. Jumatano nyingine. Mimi nikadhani ni Ronny anamsaidia marehemu kumaliza. Kumbe Ronny naye alidhani ni mimi. Hatukuulizana. Tulikuwa tunapitana pale ofisini kama watu wasiojuana.

Kazi zote za Rashad za programu ya Tabaka zilipoonyesha zimeisha, Ronny akawaambia watu wa Tabaka programu iko tayari.

Wakaijaribu. Oda zikapotea.

Mwenyekiti wao, Mzee Ondieki, akapiga simu. "Vijana, poleni sana na msiba. Lakini hapa mnatuchezea. Wiki hii ikiisha hivi, tunatafuta wengine."

Ronny akakata simu, akanigeukia.

"Orpah, mbona ulisema kazi za Rashad zimeisha?"

"Sikusema mimi. Nilidhani ni wewe."

"Wacha hizo. Ni nani sasa, mzimu?"

"Ronny, si mimi."

"Kama umechanganyikiwa, sema tu! Siwezi kufanya kazi na mtu wa hivyo."

Akabeba begi lake, akatoka.

Nilikaa tu. Halafu, niseme ukweli, nikaanza kujishuku. Jioni nilikuwa nafika nyumbani bila kukumbuka njia niliyopita. Labda kweli ni mimi.

Ndipo nikakumbuka laptopu ya Rashad ilibaki kwao.

Nikaenda. Mamake, Mama Kaltuma, anauza leso na vitambaa, na anaishi nyuma ya duka lake. Sikuwa nimekanyaga pale tangu mazishi. Nilijua ni aibu, lakini hata aibu yenyewe sikuisikia.

"Hodi, mama."

"Karibu mwanangu! Ingia, ingia."

Laptopu ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inachaji.

"Mama, kuna mtu anaitumia hii?"

"Ni mimi."

"Wewe? Unajua kompyuta?"

"Sijui hata kuiwasha. Niliikuta hivyo alivyoiacha. Mimi nabonyeza hapa tu."

Akaondoa kitambaa, akafungua, kidole chake kikagusa Enter.

Skrini ikaandika: "Asante, Rashad. Kazi nzuri."

"Umeona?" akasema. "Inamshukuru mwanangu. Watu wote wameacha kulitaja jina lake, Orpah. Wakija dukani wanaulizia bei ya leso, wanaenda. Hii inamtaja. Nikishaswali asubuhi, nabonyeza mara moja tu. Sitaki iishe."

Nikaivuta laptopu, nikaangalia orodha ya kazi.

"Kwani nimeharibu kitu?"

"Hapana, mama."

Nikampigia Ronny. Nikamwambia njoo, usiulize. Akaja, mama akambonyezea, naye akasoma.

"Orpah," akasema polepole, "pole."

Kisha akaketi, akaitenganisha laptopu ile na kazi zetu, lakini shukrani akaziacha.

"Sasa haitaisha, mama. Bonyeza unavyotaka."

Mimi na Ronny tulizifanya kazi zile moja moja, palepale sebuleni kwake, mama akituletea chai na chapati. Watu wa Tabaka walipojaribu tena, oda zikaingia vizuri. Tuko nao mpaka sasa.

Mimi sijalia bado. Mama Kaltuma ananiambia machozi yatakuja yenyewe, nisiyalazimishe. Ijumaa nikitoka kazini napitia kwake. Kuna siku hatuongei chochote.

Ndugu yangu unayesoma hii, msiba hauishi siku turubai la matanga linapokunjwa. Kwa wenyewe ndiyo kwanza unaanza. Usingoje mpaka upate maneno mazuri. Nenda, keti, na umtaje marehemu kwa jina.