Kiyoyozi cha Gari la Marehemu

Mama alikuwa na mwezi mmoja na nusu katika eda ya baba alipozimia ndani ya gari pale Mwembe Tayari, tukiwa tumekwama nyuma ya mabasi ya bara. Nilikuwa nikimpeleka kliniki ya presha. Mjane wa nyumba kama yetu ya Kibokoni hatoki ila kwa dharura, na akitoka haonekani: vioo juu, leso zimetundikwa madirishani, na yeye kiti cha nyuma ndani ya buibui lake. Jua la Februari halijui eda. Nilipotaka kushusha kioo alinishika bega akasema, "Usinifungulie watu." Kisha mkono ukalegea.

Daktari alisema presha imepanda mno. Arudi baada ya wiki moja, asikose, na asipikwe tena na joto namna ile. Kumshawishi mama ashushe kioo lilikuwa jambo la kusahau. Angefia mle ndani na stara yake. Kilichobaki ni kiyoyozi, nacho baba alitwambia miaka minne nyuma kwamba kimekufa, vipuri vyake havipatikani, tusahau. Tukasahau. Baba aliendesha kioo chake kikiwa chini, kiwiko nje, na mama na mimi nyuma tukitokota katika nguo nyeusi.

Nililipeleka gari Bondeni kwa fundi wake baba. Alikuwa mtu wa Rabai, mpole, mwenye tabia ya kuimba nyimbo za kanisani huku akifungua nati. Alipoinua boneti na kuitazama kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi ya kiyoyozi, aliacha kuimba. Nami nikaona alichokiona: waya mmoja umechomolewa, ncha yake imezungushiwa utepe mweusi, ukakunjwa kando vizuri. Hakuna panya afungaye utepe.

"Nani aliyeuchomoa huu?" niliuliza.

"Ni mimi, dada." Akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mzee ndiye aliyenituma. Alisema akifunga vioo apita watu barazani bila salamu, nao wasema siku hizi ana kiburi. Nikamwambia, basi zima kwa swichi. Akasema, swichi mama ataiwasha."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Mtu wa watu, walisema waliokuja kumzika, na ni kweli. Kutoka kwetu hadi Bondeni, mwendo wa dakika tano, alichukua nusu saa, kila baraza akisimama kuwauliza habari watu aliowaacha jana jioni. Sisi wa nyuma hatukuwa watu wa kuulizwa habari.

Fundi aliurudisha waya, akawasha injini, akabonyeza swichi. Kompresa haikuzunguka. Akaunganisha geji zake za kupimia gesi na sindano zikabaki chini: gesi karibu imekwisha. Alinieleza bila haraka, kama anayemfundisha mtoto wa mwenzake. Kompresa ikikaa bila kuzunguka, mafuta yake hayatembei. Mafuta yasipotembea, sili ya shingoni, mpira unaoizuia gesi, hukauka, na gesi hutoroka kidogo kidogo. Akatia gesi ya kupimia tu, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Shingoni mwa kompresa povu likaanza kuvimba. Kwa hiyo baba alisema uongo, na miaka minne ikaugeuza kweli.

Sili ilipatikana kesho yake. Akaifunga, akaunganisha pampu kuvuta hewa na unyevu wote uliokuwa ndani ya mabomba, kisha akaizima, tukakaa tukiitazama sindano ya geji kama itarudi, dalili ya kuvuja. Haikurudi. Ndipo akafungua mtungi. Gesi ya aina ile ya magari ya zamani ilikuwa imeanza kuadimika, naye aliitia taratibu, injini ikinguruma, mkono wake wa pili ukiwa kwenye tundu la dashibodi.

"Weka na wewe," aliniambia. Nikaweka. Baridi ilinipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Mama utamwambia?" aliuliza alipokuwa akishusha boneti.

"Nitamwambia," nikasema, na nilikusudia hasa. Wiki nzima niliitunga sentensi yenyewe, fupi, isiyo na adabu nyingi.

Siku ya kliniki tuliondoka na vioo juu na leso madirishani. Mwembe Tayari palikuwa vilevile, basi mbele, basi kando, mikokoteni katikati. Mama alipitisha mkono baina ya viti viwili vya mbele mpaka kwenye tundu, akauacha pale. Pumzi yake ilikuwa nyepesi. Kwa hilo nilifurahi waziwazi.

"Kumbe chatengezeka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kilikuwa na nini?"

Nilimtazama katika kioo cha ndani. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakionekana, yametulia, yakingoja jibu.

"Gesi," nikasema. "Ilikuwa imekwisha."

Basi la mbele likasogea. Kisha nikasikia analia, polepole, mkono ungali kwenye baridi.

"Maskini ya Mungu, babako," alisema. "Joto lote lile, na kafa hajaionja."