Njia ya Kwenda kwa Mama

Mwalimu wa jiografia ametuambia kila mmoja achore ramani ya safari aliyowahi kwenda kwa miguu. Wenzangu wengi wamechora njia ya sokoni Daraja Mbili. Mimi nimechora kutoka kwetu, kupita Keroka, mpaka mashamba ya chai upande wa Sotik, halafu mkono ukagoma. Naandika hapa, rafiki, maana darasani siwezi kusimama nikayasema haya.

Nilikuwa darasa la nne. Baba alichuma chai huko, na mama, aliyekuwa amemfuata huko, alikuwa ameugua. Habari zilipofika, babu alichukua fimbo yake, nyanya akanifungia ugali wa wimbi kwenye jani la mgomba, tukatoka umande haujakauka. Babu alinitania njia nzima, kama babu wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Mke wangu, ukichoka sema, nioe mwingine hapo Keroka."

Visigino viliniuma lakini sikusema.

Tulifika jioni. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa safu moja ndefu, kila familia chumba kimoja. Mvua ilikuwa imeanza, na babu akasimama nje ya mlango. Kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kuwe na nini. Jirani, mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, alishangaa.

"Mzee, unanyeshewa na nyumba ni ya kijana wako? Ingia bwana."

"Mama, nikiingia nitamvunjia heshima mke wa mwanangu. Na yeye ni mgonjwa, hawezi kukimbia."

Jirani akacheka. Babu hakucheka. Alinishika bega.

"Miguu nimeleta mimi. Macho ni yako. Mtazame vizuri, uniambie kama atapona."

Ndani kulinuka dawa na mafuta ya taa; baba alikuwa bado shambani. Mikono ya mama ilikuwa imekonda kama vijiti vya kuwashia moto. Alinivuta karibu, akaninong'oneza, "Mwambie nimeanza kunenepa. Ametembea mbali." Halafu akapaza sauti, akamsalimu babu kupitia ukutani, na babu akaitikia kutoka mvuani.

Nilitoka nikamwambia babu kwamba mama anakula vizuri na mashavu yamejaa. Akaitikia kwa kichwa. Usiku huo alilala jikoni kwa yule jirani, na kesho yake tukarudi.

Mahindi hayajakomaa, mama akaletwa nyumbani kwa lori, amefunikwa blanketi.

Baada ya mazishi nilimfuata babu kwenye boma la ng'ombe.

"Babu, nilikudanganya."

"Najua, mke wangu. Katika salamu moja mama yako alipumzika mara mbili avute pumzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe pia ulikuwa umetembea mbali."

Babu naye ameshaondoka. Siku hizi watu wa kwetu hupanda basi kwenda kwenye chai, na nimeona wazee wakiingia kwa wana wao kusikiliza redio, wakipewa kiti na chai. Siwalaumu. Ila hakuna tena anayeniita mke wangu, na sijatembea njia ndefu hivyo na mtu mwingine.

Ramani nimeimaliza. Mlango wa mama nimeuchora, na nje yake, pale aliposimama babu, nimeweka nukta moja. Mwalimu akiuliza, nitamwambia njia iliishia hapo.