Siku Dada Yangu Alipoombwa

Siku familia ya Bukavu ilipovuka mpaka kuja kumwomba dada yangu awe mke wa kijana wao, mimi sikuwa jikoni na wanawake wenzangu. Niliketi uani, mbele ya simu.

Dada yangu ni kiziwi. Kwetu Rusizi, binti anayeombwa hufichwa chumbani mpaka aitwe. Lakini wenye kusikia hukaa nyuma ya pazia wakisikiliza kila neno, wakiuma kitenge wasicheke kwa sauti. Yeye alisema hataki kusimuliwa maisha yake kesho yake. Tukapanga: simu yake chumbani, yangu uani imeegemea chupa ya soda, video imefunguliwa, nami namfasiria kwa ishara. Kwa video hiyohiyo alikuwa amechumbiana na kijana huyo, kiziwi mwenzake, miaka miwili, vidole vikipiga soga na vidole ng'ambo ya mto, bila mtu wa katikati.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Baba mkubwa, msemaji wetu, aliwaambia wageni, kwa utani wa desturi, kwamba wamepotea njia, nyumba hii haina binti. Kwenye kioo cha simu nikamwona dada anacheka, anajipiga paja.

Baba mkubwa naye akaniona.

"Weye, weka ile telefoni! Bazee banasema maneno ya bukwe, ya ndoa, weye unafukuza nzi?"

"Ni dada njo anaangalia, Papa."

"Ataangalia video kesho. Bibi arusi anakuja kuonekana, si kusikia!"

Watu wakacheka. Nami, kwa heshima ile tuliyolishwa pamoja na uji, nikailaza simu kifudifudi. Hilo linanichoma mpaka leo. Kifaa kinachoenea kiganjani kilikuwa kimebomoa ukuta wa miaka yote, na mzaha wa mtu mmoja ukatosha kuujenga tena. Na tofali nililiweka mimi.

Wazee wakaendelea kujibizana. Bwana arusi alikaa katikati yao akitazama midomo ikifunguka na kufungika.

Kisha mlango ukafunguka. Dada akatoka, hajaitwa, nywele nusu zimesukwa, mushanana, vazi lake la sherehe, umeshikwa kwa pini moja. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, mgongo kwa wazee, akaashiria: anzia ulipoachia.

"Rudi ndani!" Baba mkubwa akapiga kelele, kana kwamba angesikia.

Nikainua mikono, nikamfasiria hilo kwanza.