Mwanangu Hakubali Kwamba Ni Mimi Niliyelaza Jiwe la Japani Kwenye Ndoo

Mwenye page, ficha jina langu na mtaa wangu usiuseme. Niko mama wa miaka sitini na nane, mjane, Mkongomani, ninaishi hapa Durban kwa mwanangu na bibi yake, yaani mke wake, na mjukuu wangu mmoja. Shule niliipita kwa nje tu, kalamu sijashika. Ninaongea kwa simu, wewe andika kama nilivyosema, usinipambe.

Mwanangu ananoa visu vya mikahawa, huko Morningside na kwingine. Lakini chakula chetu kinatoka zaidi kwenye mawe yenyewe. Ananunua mawe ya kunolea ya Japani ambayo watu wameshayatumia, kwa wapishi waliochoka kazi ao kwa familia za marehemu, anayasawazisha uso, anayauza tena kwa simu. Mengi ni ya kiwanda. Hayo yanakaa ndani ya ndoo, yanakunywa maji kama ng'ombe, ndipo yanoe vizuri. Mimi ndiye ninayebadilisha maji ya ile ndoo. Hakuna aliyenituma, ni mapenzi yangu.

Juzijuzi alileta mawili ya aina nyingine, yaliyochimbwa mlimani hukohuko Japani. Aliyanunua kwa mjane wa mpishi. Laini kama shavu la mtoto. Mteja mmoja wa Umhlanga akalipia lile kubwa kabla hajaligusa, akasema anakuja Jumamosi kulichukua. Mwanangu akalifunga kwa taulo, akaliweka juu ya kabati. Sasa sikieni. Siku alipoeleza kwamba haya ya mlimani hayalazwi majini, yanadondoshewa maji kidogo tu wakati wa kunoa, alikuwa anamweleza bibi yake. Mimi nilikuwa kanisani. Yeye anaapa kwamba alituambia wote.

Ijumaa jioni nikafungua taulo, nikaona jiwe limekauka kama mfupa. Nikasema huyu mtoto amechoka, amesahau, na mteja anakuja kesho. Nikalilaza kwenye ndoo pamoja na wenzake. Nililala na furaha, vraiment, nikijua nimemsaidia mwanangu. Asubuhi kulitoa, limeachana vipande kama kitunguu.

Sikungoja hata chai. Nilimwita mwanangu nikamwambia, papa, nimeua jiwe lako, ni mimi, nililitia majini. Akaviangalia vile vipande, akaniangalia, halafu akageuka akamwangalia bibi yake.

Mukamwana wangu, huyo mke wa mwanangu, hayapendi hayo mawe, na haki iko kwake. Yako chini ya kitanda, yako nyuma ya mlango, mtoto alishajigonga jino juu yake. Siku moja kwa hasira alisema atayatupa baharini yote, yarudi kwao Japani yakiogelea. Tulicheka. Kumbe mwanangu aliweka lile neno moyoni.

Akamwambia bibi yake, "Umefurahi sasa? Yameogelea?"

Nikapiga kelele kwamba ni mimi. Akanijibu taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama, acha. Hata simu ulisema ni wewe."

Hapo ndipo nilijua nimejifunga mwenyewe. Maana mwaka jana mukamwana alidondosha simu ya mume wake kwenye beseni la vyombo, akaogopa kusema, na mimi nikasema ni mkono wangu wa uzee. Baadaye mwenyewe alijisema mezani, tukacheka mpaka machozi. Ule uongo wangu mmoja wa mapenzi ndio umekula ukweli wangu. Tena mwanangu akaongeza kwamba miaka yote hii ninatunza mawe yake, nitasemaje sikujua.

Mteja alirudishiwa pesa yake, na nyumba ikabaki na njaa. Mukamwana akabeba mtoto, yuko kwa dada yake upande wa Jacobs, hapahapa Durban. Jumapili hii yeye na mtoto wanapanda basi la Cape Town, waende kukaa huko. Nilimpigia nikilia. Akaniambia, "Mama, wewe ninakuamini. Lakini mwanaume anayeweza kufikiri nimemwaga chakula cha mtoto wangu mwenyewe, nitalala naye aje?" Ni kweli tupu.

Nikaleta pasta wa kanisa letu. Nikamweleza yote mbele ya mwanangu. Pasta akanishika mkono, akasema nina moyo wa kubeba misalaba ya wengine, na mwanangu akaitikia amina. Eish! Watu wananisifu kwa uongo ambao sikusema. Majirani pia wanasema mukamwana ana bahati ya mama mkwe. Ninatamani kuwapiga na ufagio.

Nilifikiri nimkalishe mwanangu kwa kiti, nilitie lile jiwe dogo lililobaki ndani ya ndoo, aone kwa macho yake mkono wa mama unavyofanya. Lakini ninamjua. Atasema, ona, mama anaharibu na la pili ili kumtetea huyo mwanamke. Na hilo dogo ndilo kodi yetu ya nyumba.

Nguo zangu nimeshazifunga. Nafasi kwenye basi iko, mukamwana ameniita. Lakini huyu mjinga ni mimi niliyemzaa. Hali chakula, hanyoi ndevu, anakaa na vile vipande anavipanganisha kama vitashikana tena. Nikienda, ataamini kabisa kwamba mimi na bibi yake tulikuwa upande mmoja tangu mwanzo. Nikibaki, mjukuu wangu atakua bila baba na bila mimi, kwa kosa la ndoo yangu.

Watoto wangu mnaosoma, musinifariji na musinisifu, nimechoka kusifiwa. Niambieni kabla ya Jumapili: mama anafanya aje ili mtoto wake akubali kwamba mama amekosa?