Risaga ya Kuhamisha Tovuti

Miaka ile dhahabu ilipoonekana kwenye vilima vya upande wa Kenyamonta, watu waliacha mihogo ikikomaa shambani na kwenda kuchimba. Wachimbaji wenyewe waliuita mkimbilio huo rashi. Mimi nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala Mugumu, karibu na soko. Wateja walioniletea barua za kuomba kazi wakaanza kuniletea maombi ya leseni, na kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo kikaniomba niwatengenezee tovuti.

Sikusomea kazi hiyo. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, kwa sababu nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu wa kiume na hapakuwa na mwingine wa kumlea. Kompyuta nilijifunza kwa kukaa mbele yake wakati wateja hawapo. Nilitafuta mfumo wa bure wa kuendeshea tovuti, ule ambao unaandika maneno yako kwenye kisanduku kisha unabonyeza "Chapisha", nikaanza.

Tulitangaza mikutano, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yanayohitaji vijana, na siku za karasha kusaga mawe. Baadaye duara moja lilititia mvua ikinyesha. Nikaomba kikundi kiniruhusu kufungua sehemu ya waliofia chini. Mwenyekiti alikubali mara moja, kwani siku hizo kila mtu alikuwa bado analia. Kila marehemu nilimpa ukurasa wake: picha kama ipo, na maneno ya ndugu zake jinsi walivyoyasema, kwa Kikurya na kwa Kiswahili.

Mama wa mmoja wa marehemu hao alikuwa akija dukani kila akishuka mnadani. Hakujua kusoma. Alikaa kwenye benchi, akaweka kikapu miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nifungulie mwanangu."

Nilimfungulia na kumsomea maneno yake mwenyewe. Palikuwa na sentensi aliyoisubiri, ninaikumbuka kama alivyoitamka: "Kamba ilikuwa imeoza, walisema, wakaambiwa washuke tu." Nikifika hapo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia shahidi wake amefika. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ukurasa huo hautaguswa na mtu.

Kisha tovuti ikaugua. Asubuhi moja niliifungua nikakuta matangazo ya kamari kwa lugha nisiyoijua yamejaa juu ya picha za marehemu. Nilimpigia mdogo wangu. Alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta, chuo nilichomlipia kwa mashine ile ile ya kutoa nakala, na alikuwa ameajiriwa Sirari kwa wakala wa forodha. Akaniambia mfumo wetu umeachwa na waliouunda, hauzibwi tena matundu, kwa hiyo tuhamie mwingine. Nilifurahi kumsikia akisema "tuhamie".

Alijaribu kwanza kuhamisha kila kitu kwa mkupuo. Kurasa zilifika, lakini herufi za Kikurya zenye alama zilikuwa zimegeuka alama za kuuliza tupu. Alisema dawa ni kunakili kwa mkono, ukurasa mmoja mmoja, na kurasa zilikuwa nyingi.

"Basi niitishe risaga," nikamwambia.

Akacheka. "Dada, risaga ya tovuti?"

"Wanaolima shamba ndio hao hao wenye vidole."

Kwetu ukizidiwa na palizi unaita majirani, wanalima kwa pamoja, wewe unapika. Walikuja vijana wa kikundi wanaojua kompyuta, walimu wawili, na msichana wa duka la simu, wakakaa dukani na kwenye baraza. Mdogo wangu aligawa kazi. Huyu matangazo, yule picha, wale mikutano. Sehemu ya marehemu alisema ataichukua mwenyewe, maana ni nzito. Nilimpenda sana saa ile. Nilirudi jikoni kusonga ugali wa mtama nikiwa na moyo mwepesi.

Sasa, risaga ina adabu yake. Mwenye shamba hakagui matuta ya waliomlimia. Si siku ile, wala kesho yake. Kupita nyuma ya mtu ukichungulia jembe lake lilifika wapi ni kumwambia hakulima. Unawalisha, unashukuru, unasubiri mvua. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Walipokula na kuondoka, mdogo wangu alinionyesha ukurasa wa mbele wa tovuti mpya, mzuri, una picha ya kilima. Akanipa nywila yangu mpya. Sikuchungulia zaidi.

Siku ya mnada yule mama akaja.

"Nifungulie mwanangu."

Nilitafuta jina. Nikatafuta sehemu yenyewe. Matangazo yalikuwepo, mikutano ilikuwepo, hata tangazo la mbuzi aliyepotea karibu na karasha lilikuwepo. Marehemu hata mmoja hakuwepo. Nikamwambia mama mtandao unasumbua. Akasema atakaa asubiri. Alisubiri hadi wenzake wa njia walipokuja kumchukua.

Mdogo wangu kwenye simu alisema mfumo mpya ulizikataa zile kurasa. Nikasema nitazitoa kwenye ule wa zamani. Akasema wa zamani ameshaufunga, usije ukaambukiza mpya. Nikasema lakini kurasa zile uliziandika kwa mkono wako, mfumo unakataaje mkono? Akasema ana wateja.

Nilipanda basi hadi Tarime, nikaunganisha Sirari. Nilimkuta ofisini, nje malori yamepanga foleni ya kuvuka. Mwenzake aliponiona akamwambia kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, ambako baba huitwa buda, "Budako hayupo lakini mamako ndiye huyu amefika," wakacheka. Aliniletea soda, akafunga mlango.

"Ziko wapi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa kwenye basi. Ziko wapi?"

"Ninazo. Sijazifuta, mimi si mnyama." Aligeuza kalamu mezani. "Mwenyekiti alinipigia kabla ya risaga. Kuna mwekezaji anakuja kuungana nao. Alisema mtu akifungua tovuti asikutane na makaburi."

"Kwa hiyo ulijua wakati unagawa kazi."

"Nilijua."

"Na ukala ugali wangu."

Akaisogeza soda karibu yangu. Akasema kikundi kinafungua ofisi, na yeye ndiye atakayekuwa mtu wao wa mitandao, ataachana na kubeba makaratasi ya watu mpakani. Akasema anaweza kuzirudisha baadaye, moja moja, zikipunguzwa kidogo. Ile ya kamba, kwa mfano.

"Ile ya kamba imefanyaje?"

"Inamtaja aliyewashusha bila kumtaja jina. Toa hiyo tu dada, mengine yote yabaki. Nani atajua?"

"Mama yake atajua. Ninamsomea."

"Basi ukifika hapo si uisome tu kwa mdomo? Hajui kusoma."

Nimesikia mambo mengi kwa watu tangu tubaki wawili. Ndugu wa baba walichukua ng'ombe wetu wakatuambia wanawatunza. Hayo sikuyasahau, lakini hayakuniuma kama hili, kwa sababu wale sikuwafundisha kutembea. Nilimwachia soda yake mezani nikarudi.

Mama alipokuja tena nilimwambia ukweli: mwanawe ameondolewa kwenye tovuti, na aliyemwondoa ni mdogo wangu, tumbo moja. Akakiweka kikapu chini.

"Wako yu hai," akasema. "Utagombana naye. Mimi niandikie upya."

Akaanza tena kusimulia tangu asubuhi ile mwanawe alipokunywa uji amesimama. Nilichapa kila neno, na kamba ikiwemo. Nilipomaliza niliingia kwenye mfumo mpya kwa nywila niliyopewa, nikatafuta kitufe cha kuchapisha. Hakikuwepo. Mahali pake paliandikwa "Wasilisha ikaguliwe". Mkaguzi alikuwa mdogo wangu. Kwenye tovuti niliyoianzisha mimi, alinipa cheo cha mtu wa kuomba.

Nilibonyeza. Baada ya siku chache ukurasa ulirudishwa bila neno lolote. Nikautuma tena.

Watu huniuliza kwa nini nisifungue tovuti yangu, ni bure. Ninawajibu kwamba mama yule hakumpoteza mwanawe kwangu. Alimpoteza kwenye duara la kikundi kile, na jina lake litakaa kwao. Mnada ukifika anakuja, anakaa kwenye benchi, ananiuliza kama habari ya mwanawe imetoka.

"Bado, mama. Iko kwa mdogo wangu."

"Basi itume."

Naituma, yeye akiangalia kidole changu.