Pampu ya Upepo ya Tatu

Jamani, mie na sifa zangu! Jumamosi baba mkwe wangu mtarajiwa alishuka kutoka Njombe, nami kwa kujikomba nikajitolea kumtembeza kando ya mto, huku nyuma ya Tegeta, kwenye bonde la matete lenye pampu za zamani zinazozungushwa na upepo. Nikamwambia nimekulia kwenye bonde lile. Uongo mtupu: nilikuwaga nayaona mapanga ya bati kwa mbali tu, nikiwa barabarani.

Kwenye pampu ya kwanza palikuwa na mama anasugua sufuria. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikamweleza mzee kuwa pampu ile waliijenga Wajerumani. Tukazama kwenye matete, tukatembea weee, tukaibukia kwenye pampu ya pili. Nikamwamkia mama wa hapo, nikasema hiyo ni ya Waingereza.

"Ahaa," mzee akaitikia.

Tulipofika ya tatu nilitupa shikamoo bila hata kugeuza shingo. Sie wa Dar tunaamkia kanga, sura hatuangalii.

"Na hii, baba, ni ya Waarabu."

Yule mama akaweka sufuria chini. "Marahaba tena, mwanangu. Hivi mmepotea? Njia hii inazunguka, na pampu ni hii hii moja!"

Nikamgeukia mzee, alikuwa ameng'ata midomo, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Aa, mama, umeniharibia," akasema. "Nilitaka nisikie ya nne ilijengwa na nani."