Siku Reli Ilipopigiwa Msaragambo

Lori la kokoto lilinishusha kando ya tuta jipya, nje ya mji wa Same, mahali ambapo hata dereva hakujua panaitwaje. Niliona mahema, rundo la mataruma ya zege, na juu yake Milima ya Upare imejifunga ukungu kiunoni. Reli inayojengwa hapo itafika uwanja wa ndege, na tawi lake litakwenda kwenye hoteli za kando ya Ziwa Jipe. Nilikuja kutazama reli. Nikakuta kambi nzima inamzungumzia mtu mmoja.

"Unamtaka Baragumu?" aliniuliza Hedwiga, mpishi wa kambi, kabla sijataja shida yangu. "Yule pale anakula. Ni mume wangu. Mwangalie vizuri, jioni huenda akawa mkulima tena."

Aminieli, ndiye huyo Baragumu, alicheka huku mdomo umejaa makande. Ni mtu mrefu, mwenye mashavu mapana, na hana haraka ya kumeza wala ya kujibu. Kazi yake ni kulinda njia: husimama pembeni ya mafundi, na mashine ikikaribia hupiga honi ili watoke relini. Kuwapigia watu mlio hakukuanzia hapa. Kijijini kwao, huko juu ya kambi, ndiye mpiga baragumu, kama baba yake. Akipuliza pembe yake ya tandala, kila nyumba hutoa mtu na jembe kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Kazi hiyo ya pamoja Wapare huiita msaragambo. Asiyetokea hutozwa faini, na Jumapili hutaniwa nje ya kanisa.

Jumatatu kabla sijafika, honi ya kambi iliisha betri. Mashine ya kushindilia kokoto ilikuwa inarudi nyuma, na vijana walioinama relini walikuwa wameipa mgongo. Aminieli akachomoa pembe mkobani akapuliza kwa nguvu zake zote. Vijana wakaruka pembeni, salama. Akafurahi.

Haukupita muda, kijiji kikashuka.

"Mzee Loth mbele, jembe begani," alinisimulia. "Akaniuliza, 'Mfereji uko wapi?' Nikamwambia, 'Mzee, rudini tu, ilikuwa mashine.' Akafura! 'Nimeacha ng'ombe sijamkamua, halafu unaniambia mashine? Nionyeshe kazi!'"

"Na Chande akajificha chooni," alidakia Hedwiga.

Chande ni msimamizi wa kambi, kijana wa Pangani. Alipoona majembe yanateremka mlimani, alidhani wenye mashamba wamekuja kuwapiga. Alipotoka, wageni wake walikuwa wanachimba mtaro wa maji kando ya tuta huku wakiimba nyimbo za Kilutheri, na hakuna aliyekubali kuondoka kabla ya mtaro kwisha. Mtaro ulipendeza. Lakini watu wasio na helmeti hawaruhusiwi relini, na wakubwa walitaka maelezo. Siku niliyofika, kikosi kilikuwa kinahamia kambi ya mbele, upande wa ziwani, na Chande alikuwa bado hajasema kama Aminieli atakwenda nacho.

"Maisha yangu yote nawaita watu kwenye kazi iliyo papa hapa," Aminieli aliniambia, safari hii bila kucheka. "Mara moja tu nataka kazi inichukue mimi."

Chande akaja, akavua helmeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huko tunakokwenda, watu wakisikia pembe watafanyaje?"

Jibu la kumfaa lilikuwa jepesi: hawatafanya kitu. Aminieli aliweka kijiko chini.

"Kule ni Ugweno. Lugha yao nyingine, ila pembe wanaijua. Watashuka."

"Hakuna mlio mwingine? Wa hatari tu?"

"Upo. Wa chui."

"Sasa kwa nini hukupiga huo?"

"Wangekuja na mapanga."

Hedwiga alishika meza asianguke kwa kicheko. Chande alijaribu kukunja uso, ukamshinda.

"Afadhali umesema kweli," alisema mwishowe. "Ungenidanganya ningekuacha. Pembe ibaki kwa mama, wewe uje na filimbi. Kiberenge kinaondoka sasa hivi."

"Filimbi!" Hedwiga alipiga kofi. "Baba Dina, umekuwa refa!"

Lakini alikuwa tayari anamfungia shuka na mswaki. Aminieli alipokea furushi, akamwambia mkewe maneno machache ya Chasu, lugha ya Wapare, ambayo sikuyaelewa, naye akamsukuma begani kama msichana. Kisha Aminieli akapanda kiberenge, kile kigari cha relini cha mafundi, akakaa mbele kabisa, miguu ikining'inia. Kilipoondoka hakugeuka nyuma. Alikuwa ameinua shingo kama mtu anayejaribu kuona juu ya ukuta.

Tulisimama mpaka mlio wa magurudumu ukaisha.

"Kaa ule, mgeni," Hedwiga aliniambia, akivuta sufuria. "Makande yamebaki. Yule alikuwa anakula ya watu wawili."